Beki Anayetaka Kuwa Mtu wa Fedha

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni beki wa timu ya Championship, nina umri wa miaka 27, na mkataba wangu unaisha mwishoni mwa msimu huu. Goti limeanza kunisumbua. Nilimaliza kidato cha nne na nilifaulu vizuri hisabati. Jamaa mmoja ameniambia kwamba kuna kampuni ya mikopo inayotafuta wachezaji wanaojulikana ili wawe maofisa wake bila kusomea chochote. Je, mchezaji anaweza kweli kufanya kazi ya fedha akistaafu, na nianzie wapi?
Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, na wapo waliotangulia. Mswisi Ramon Vega, aliyetwaa Kombe la Ligi la Uingereza na Tottenham Hotspur mwaka 1999, aliingia katika usimamizi wa mitaji baada ya kutundika daruga. Mwitaliano Giorgio Chiellini alipata shahada ya uchumi na biashara katika Chuo Kikuu cha Turin mwaka 2010, kisha ya uzamili mwaka 2017, na miaka yote hiyo alikuwa akiichezea Juventus. Wote wawili walikuwa mabeki kama wewe. Pengine kazi ya kuona hatari mapema inasaidia, na washambuliaji watanisamehe.

Hiyo kazi uliyoahidiwa, hata hivyo, naitilia shaka. Kampuni inayomwajiri mchezaji kwa sababu ya jina lake tu inataka namba za simu za wachezaji wenzake, na siku marejesho yatakapomshinda mmoja wao, atakayelaumiwa katika chumba cha kubadilishia nguo ni wewe uliyempelekea fomu. Kwa uchache, omba kuona leseni yake: tangu ipitishwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni za namna hiyo zinapaswa kupewa leseni na Benki Kuu.

Kwa upande wa masomo, Dodoma imekupendelea. Bodi ya wahasibu, NBAA, ina makao makuu yake hapa, na mitihani yake mikuu hufanyika Mei na Novemba. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, nacho kina kampasi mjini, ambako mtu huweza kuanza na astashahada na kupanda hadi stashahada. Nenda na cheti chako cha kidato cha nne, uulize ni ngazi ipi unayostahili kuanzia na kama kuna masomo ya jioni, kwa kuwa mazoezi ya asubuhi hayataahirishwa kwa ajili yako.

Wakati huohuo, fedha zako mwenyewe ziwe somo la kwanza. Tuseme umepewa shilingi 6,000,000 za usajili kwa mkataba wa miaka miwili: wengi huziona kuwa ni mtaji wa kununulia gari, ilhali ukizigawa kwa miezi 24 ni shilingi 250,000 kwa mwezi, na mishahara ya timu zetu, kama unavyojua kuliko mimi, haifiki kila mara kwa tarehe iliyoandikwa. Hati fungani ya Serikali, yaani mkopo unaoipa Serikali kwa muda maalumu, huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Fuatilia mnada mmoja wa hati hizo, usome matangazo ya Benki Kuu, na utaanza kuelewa mapato na ukomo wa dhamana, yaani siku mkopo wako unaporejeshwa, kabla mwalimu hajakufundisha.

Mkataba mpya ukiletwa mezani, usijadili fedha ya usajili pekee. Omba kifungu kinachokuruhusu kukosa mazoezi siku za mitihani, na kiandikwe kabla hujasaini, kwa maana ahadi ya mdomo ya meneja huondoka naye anapofukuzwa.