Mbata Inayopungua Ghalani Bila Mwizi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu katika kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi hapa Malindi. Tulianza tukiwa wafanyakazi tisa, leo tumefika sitini, na mwezi uliopita mwenye kampuni alinikabidhi idara nzima ya fedha pamoja na mifumo yake. Hesabu za mwezi huwa tunazifunga tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Kila tunapohesabu mali, mbata (nazi iliyokaushwa) iliyoko ghalani huwa pungufu ya ile iliyoandikwa vitabuni, na mtunza ghala ameanza kutazamwa kwa jicho baya. Mwenye kampuni ameoneshwa programu kubwa ya kuunganisha uhasibu, ghala na uzalishaji, naye ataka ianze kutumika kabla ya mwaka kwisha. Nianze wapi?
Bi Mhasibu, Malindi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Anza ghalani, kwa sababu huenda mtunza ghala wenu anabebeshwa makosa ya unyevu.

Mbata iliyokaushwa vyema hubakiwa na maji kadiri ya asilimia 6. Ile inayoletwa kutoka Msabaha au Kakuyuni wakati wa masika, ikiwa imeanikwa siku mbili tatu baina ya mvua na mvua, yaweza kuwa na asilimia 12 au zaidi. Chukua kilo 1,000 za mbata ya asilimia 12: humo mna kilo 880 za mbata yenyewe na kilo 120 za maji. Ikikauka ghalani mpaka ifike asilimia 6, mizani itasoma kilo 936. Kilo 64 zimekwenda na upepo, wala hapana aliyezibeba, lakini vitabu vyako viliandika kilo 1,000 langoni na vinaendelea kuzidai mpaka leo.

Hasara haikomi hapo. Tuseme mlinunua kwa shilingi 100 kilo. Zile shilingi 100,000 sasa zimebebwa na kilo 936, kwa hiyo kilo moja inayoingia mashineni imewagharimu shilingi 106 na senti 84, ilhali mwenye kampuni bado anapanga bei ya mafuta akiwa na shilingi 100 kichwani. Kiwanda kidogo huweza kuishi na kosa hilo bila kulihisi. Kiwanda kinachokua hulizidisha kwa kila lori linaloingia. Nunueni kipima unyevu, kikae pale pale kwenye mizani ya langoni, na hati ya kupokea mzigo iwe na safu ya unyevu kando ya safu ya uzito. Muuzaji alipwe kwa kadiri ya ukavu wa mbata yake, na daftari la ghala liandike uzito mkavu. Upungufu utakaosalia baada ya hapo ndio wa kumuuliza mtu.

Na ukiuliza, mimi ningeuliza kwanza habari za mashudu, yale makapi yanayobaki mbata ikishakamuliwa. Mafuta kila mtu huyalinda; mashudu huuzwa kwa wafugaji kwa fedha taslimu, jioni, na mara nyingi hayana stakabadhi. Pima kilo za mbata zinazoingia mashineni, mafuta yanayotoka na mashudu yanayotoka, kila zamu, katika karatasi moja.

Nije kwenye tarehe 25. PAYE, kodi ya mishahara, hulipwa ifikapo tarehe 9 na marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hupelekwa ifikapo tarehe 20. Maana yake ni kwamba kila mwezi unaipelekea Mamlaka ya Mapato hesabu ambazo wewe mwenyewe hujamaliza kuzikagua, na sidhani kama unapata usingizi. Kazi nyingi za mwisho wa mwezi si za mwisho wa mwezi hata kidogo: M-Pesa na benki zilinganishwe na vitabu kila asubuhi, ghala lihesabiwe fungu kwa fungu kila wiki, na mita ya umeme uisome mwenyewe siku ya mwisho badala ya kungojea bili. Ankara isilipwe mpaka ioane na LPO (hati ya kuagiza) na hati ya kupokea mzigo, na aliyeagiza asiwe ndiye anayepokea wala anayelipa. Ukiyashika haya, kufunga hesabu kabla ya tarehe 10 si ndoto.

Usisahau wakulima wenu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, haikubaliki katika kodi ya mapato, ila kwa zile chache zilizosamehewa. Marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yalimwezesha mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Basi kazi hiyo ni yenu, na ifanyike pale mizanini mzigo unapopokelewa.

Programu mtaihitaji, siikatai. Lakini kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi kilihamisha orodha yake ya mali kama ilivyokuwa, na dumu la lita 20 likaingia kwa majina matatu: dumu, jerikeni na mtungi. Programu ikasema jerikeni zimekwisha, tukaagiza nyingine, na madumu yale yale yakiwa yamerundikwa mpaka darini. Kwa hiyo safisheni orodha kwanza, kila kitu kiwe na jina moja na kipimo kimoja. Wauzaji wa programu usiwaruhusu wakuoneshe mifano yao. Wape karatasi zenu za siku moja, zenye mbata ya unyevu tofauti na mashudu yaliyouzwa, wakuoneshe zinavyoingia na ankara inavyofika eTIMS. Kuianzisha kabla ya mwaka kwisha siafiki. Ngojeni hesabu ya mali ya kufunga mwaka, muanze na takwimu safi, kisha muendeshe mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa miezi miwili.

Hesabu ile ya kilo 64, lakini, haingojei programu. Mpelekee mwenye kampuni wiki hii, na mtunza ghala awepo.