Mama, bajaji isubiri kwanza

Mama yangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho mama yako akiwa amesimama pembeni na mwiko mkononi. Umesema wamewapunguza watu kumi na mmoja kwa mkupuo, na wewe umo, na hela itaingia mwisho wa mwezi. Kisha ukauliza: "Baba, ninunue bajaji nimpe kijana aendeshe, au niitunze hela niendelee kutafuta kazi?" Kwenye simu ningekujibu kwa kifupi ukakasirika, ndiyo maana naandika.

Pole sana. Miaka sita ya kuwahi Kurasini alfajiri, halafu barua ya aya mbili.

Unajua kwamba na mimi niliwahi kupunguzwa, ila sikukusimulia yote kwa sababu mengine hayanipendezi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, na hapa Morogoro viwanda vilikuwa vinazima mitambo kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa fundi mitambo idara ya kufuma. Tuliitwa majina, tukapanga foleni dirishani kwa mhasibu, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Usiku tulifunga mlango, mimi na mama yako, tukahesabu noti juu ya kitanda. Tukazihesabu tena, si kwa kutoaminiana, ila hatukuwahi kuiona hela yetu nyingi kiasi kile mahali pamoja. Kosa lilianzia pale kitandani. Ilionekana nyingi.

Wiki ya tatu nilikuwa nimeshanunua mashine ya kusaga, injini ya Lister ya mtumba, nikaifunga Dumila. Mitambo naijua, Dumila mahindi yapo, nani angenizuia? Nilichosahau ni kwamba bahasha zile tulipewa mafundi wengi, na wote tulikuwa na akili moja. Masika hayajaisha, barabara ile ile ina mashine tatu, mbili za watu niliokuwa nao zamu moja. Asubuhi unamsikia mwenzio anawasha, unachungulia kuhesabu ndoo zilizopangwa kwake. Mahindi hayakuongezeka. Mkanda ukakatika, chekeche ikatoboka, dizeli ikapanda, na kila kilichoharibika nilikitengeneza kwa hela ya chakula.

Hilo nimeshalisamehe. Ninalolikumbuka zaidi ni dereva mmoja wa lori aliyekuwa akija kiwandani kuchukua marobota. Alileta gunia lake kusaga akanikuta nimelala chini ya injini. Akaniuliza nafanya nini pale. Nikamjibu niko likizo, namsimamia shemeji mashine yake. Akaniangalia tu. Baadaye, gunia lake likiwa limeshapakiwa, akasema, "Kihonda walitafuta fundi wa kufunga mitambo, miezi miwili imepita. Waliniuliza kama namjua mtu. Nikasema simjui. Wewe nilidhani bado uko kazini."

Sikuwa nimemwambia mtu, mama. Si yeye, si kaka zangu, si jumuiya. Niliona aibu, kana kwamba niliiba.

Basi nikujibu. Bajaji si biashara mbaya, na sikukatazi milele. Lakini ya kumpa mtu inataka jicho. Miezi ya kwanza kijana ataleta hesabu kila jioni, utafurahi. Halafu zitaanza siku za tairi, za trafiki, za kuuguliwa na mtoto, na wewe uko kwenye usaili, humfuatilii. Bima na leseni ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni zako, si zake. Na umenitajia wenzako wawili katika hao kumi na mmoja ambao nao wanaulizia bajaji. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, nikaikumbuka Dumila.

Kwa sasa hiyo hela ni ugali na kodi. Umeniambia kodi yako ya miezi sita inaisha mwezi wa nane. Toa kwanza hela ya kodi nyingine, iweke mbali na mkono wako, kisha gawanya iliyobaki uone inakufikisha mwezi gani. Kama inafika Desemba, basi una mpaka Desemba wa kutafuta bila kupapatika. Mwenye njaa husaini chochote.

Na kwenye kusaini, nakuomba utulie hapa. Wakikuletea karatasi inayosema umeacha kazi kwa hiari yako, usiiguse, hata afisa utumishi akikwambia ni utaratibu tu. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni la aliyeachishwa, si la aliyeacha mwenyewe. Kwa uliyechangia zaidi ya miezi 18 ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Si haba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa pia notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hukwenda, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia. Kwako ni siku 42. Kaa nao chini uzihesabu moja moja. Ukiona wamekupunja au wamekuondoa bila kufuata taratibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30. Ya 31 utaanza kujieleza kwa nini umechelewa.

Dai cheti cha utumishi kabla hujarudisha kitambulisho. Na yule bosi wako aliyekuwa anakusifia, mwombe barua ya kukutambulisha wiki hii hii. Watu huona aibu wiki mbili tu, baada ya hapo hawapokei simu.

Kuna jambo hukulitaja, nami nalijua: ule mkopo wa benki wa mwaka juzi. Akaunti inayopokea hiyo hela ndiyo hiyo hiyo benki inakokatia marejesho. Nenda kabla hela haijaingia, ongea nao, uulize kama mkopo ulikuwa na bima na kama bima hiyo inahusu kupunguzwa kazi. Ukikaa kimya wataukata wote siku moja, na bajaji yenyewe tutaacha kuijadili.

Kutafuta kazi sina mengi ya kukufundisha, ulimwengu wenu una tovuti. Omba za serikali pia, ila usizisubirie. Mwaka 2014 Uhamiaji waliita usaili, watu zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa, na nafasi zilikuwa 70. Wewe una ufundi wa nyaraka za mizigo, wanaokufahamu ni madereva, makarani wa bandari kavu, maofisa unaobishana nao dirishani. Wapigie hao, mmoja mmoja, useme kwa maneno haya haya: nimepunguzwa, natafuta. Waambie na wa kwenye mchezo wenu wa kupeana hela, tena mapema, wakupangie zamu yako upya. Anayetaka hela ya fomu au ya "kukuunganisha", mkatie simu.

Umeuliza pia kama urudi nyumbani. Njoo upumzike, usije kuhamia. Treni ya SGR inakutoa Dar asubuhi na supu ya Msamvu unaikuta bado ya moto. Wakikuita usaili unarudi siku hiyo hiyo. Zamani kurudi Morogoro kulikuwa kujitoa mjini, siku hizi siyo.

Njoo Jumamosi basi, na barua yao na zile karatasi za benki, tuzisome pamoja kabla hujasaini kitu. Mama yako anasema ulete pia yale madumu yake. Na ukipita nyuma ya nyumba uangalie lile gurudumu la chuma linaloegemezwa mlango wa banda la kuku. Ndilo lililobaki la mashine ya Dumila.

Baba yako