Ukitaka Kuandika Kuhusu Wayahudi, Uliza Kwanza Ni Wayahudi Gani

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayejiandaa kuandika makala za dini aliniletea ujumbe, akiomba nimweleze kwa sentensi moja Wayahudi wanaamini nini kuhusu ufufuo wa wafu. Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu wengi wenu mna shauku hiyohiyo ya kuandika juu ya imani za watu kwa weledi, na kwa sababu swali lake limegusa jeraha langu la zamani.

Ndugu yangu, sentensi moja haitoshi. Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 12, aliuweka ufufuo katika misingi 13 ya imani, na Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za jadi kwa ukamilifu, wanaushikilia hadi leo. Mwaka 1885, marabi wa madhehebu ya Mageuzi, yanayolegeza sheria za jadi, walikutana Pittsburgh, Marekani, wakatamka kwamba hawaamini ufufuo wa mwili, ingawa waliamini kuwa roho haifi. Na kabla ya hao wote, msomaji wa Biblia anakumbuka jinsi Mafarisayo na Masadukayo walivyogombana juu ya jambo hilohilo.

Jeraha langu lilitokana na chakula. Nilipeleka makala kwa gazeti moja nikieleza jinsi Wayahudi wanavyotenganisha nyama na maziwa. Nilikuwa nimeandika kwamba wengi wanaoshika sheria hungoja saa sita baada ya kula nyama, wenye asili ya Ujerumani hungoja saa tatu, wa Uholanzi wamezoea saa moja, na wapo wengi wasiofuata kanuni hiyo kabisa. Mhariri aliyafuta yote hayo, akaacha saa sita za Wayahudi wote, kisha akaniambia kwamba msomaji hapendi kuchanganywa. Makala ilitoka ikiwa na jina langu. Mpaka leo nikiikumbuka naumia, kwa kuwa ninaamini kwamba msomaji wa Kiswahili ana uwezo wa kuelewa jambo lenye pande nyingi, na kumfichia pande hizo ni kumdharau.

Baadaye nilikwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda ambaye mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kuanza kuishi kwa kufuata Torati. Wajukuu wa jamii hiyo walisali kwa kificho Idi Amin alipoupiga marufuku Uyahudi. Mwaka 2002 marabi, wengi wao wa madhehebu ya Konsavativu, yaliyo kati ya Waorthodoksi na Mageuzi, waliwapokea mamia yao rasmi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mwana wa jamii hiyo, alipata daraja la urabi baada ya kusoma Marekani.

Katika sinagogi ya Nabugoye wanaume na wanawake huketi pamoja, na zaburi huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa amejifunika shali ya sala. Ilipofika Shema, sala ya kukiri Mungu mmoja, alizikusanya nyuzi za pembe nne za shali hiyo katika mkono wa kushoto, na kila aya ilipozitaja nyuzi hizo alizigusisha midomoni. Katika kijiji cha Putti, kwa Abayudaya waliochagua njia ya Kiorthodoksi, wanawake huketi upande wao na shali hiyo ni vazi la wanaume. Historia yao ni moja. Wala msidhani kwamba tofauti hizi ni za mapambo tu: serikali ya Israel imewahi kuwakatalia uhamiaji Abayudaya walioingizwa katika Uyahudi na marabi wa Konsavativu.

Kwa hiyo nawasihi: taja madhehebu, taja mahali, taja wakati. Usiseme kwamba Wayahudi wote wanafuata Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na sheria za marabi wa kale, kwa maana Wakaraiti wanaishika Biblia ya Kiebrania pekee na hawaadhimishi Hanuka, sikukuu ya taa. Beta Israel wa Ethiopia nao waliishi karne nyingi bila Talmudi, wakiongozwa na makasisi waitwao kes, wakisoma maandiko kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, na kupanda mlimani katika sikukuu ya Sigd, ambayo Israel imeitambua kitaifa tangu 2008. Kwa hiyo taja madhehebu, taja mahali, taja wakati. Sitachoka kulirudia hilo. Mwaka huu jarida jingine limechapa makala yangu ndefu bila kuondoa tofauti hata moja, na barua za wasomaji zimethibitisha kwamba hawakuchanganyikiwa. Najivunia jambo hilo.

Tena, mwandishi mwenye heshima hujifunza taratibu za wenyeji wake kabla hajafika mlangoni. Kwa Waorthodoksi, kuandika ni miongoni mwa kazi 39 zinazokatazwa siku ya Sabato, kwa hiyo daftari na simu viache ulikofikia, sikiliza kwa makini, na uandike Jumamosi usiku baada ya nyota tatu kuonekana. Katika sinagogi nyingi za Mageuzi utakuta kinanda na vipaza sauti katika ibada hiyohiyo, na huenda hakuna atakayejali kalamu yako. Hata hivyo, mpigie simu rabi mapema umuulize.