Maswali ya Wasomaji: Mwenye Benki wa Berlin na Picha Zake 262

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Katika toleo lililopita mlimtaja kwa mstari mmoja tu mwenye benki wa Ujerumani ambaye picha zake ndizo zilizoanzisha jumba la sanaa la taifa mjini Berlin. Alikuwa nani, mali yake aliichuma vipi, na ilikuwaje mkusanyiko wake usitawanyike baada ya kufa kwake? Nauliza kwa sababu marehemu baba ametuachia sahani za kale za zidakani, yaani za kwenye vishubaka vya ukutani, na viti viwili vya enzi, na madalali wameshaanza kubisha hodi. — Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Mtu huyo ni Joachim Heinrich Wilhelm Wagener, aliyezaliwa mwaka 1782 na kufariki Januari 1861. Alikuwa mshirika katika benki ya Anhalt & Wagener ya Berlin, na vilevile balozi mdogo wa Sweden na Norway katika mji huo. Benki za namna hiyo ziliishi kwa biashara za watu wengine: tajiri aliyesafirisha shehena, na ambaye angelipwa baada ya miezi kadhaa, aliipelekea benki hundi yake, yaani hati ya deni hilo, benki ikamlipa papo hapo pungufu kidogo ya thamani yake, kisha siku ilipowadia ikadai fedha kamili kwa mdaiwa. Faida ilikuwa katika tofauti hiyo, na ili kuipata ilimpasa mwenye benki ajue ni nani wa kuaminiwa.

Mwaka 1815 Wagener alinunua mchoro wa Karl Friedrich Schinkel, msanifu majengo aliyekuwa pia mchoraji, unaoonyesha kanisa juu ya mwamba kando ya bahari. Kuanzia hapo hakuacha kununua kwa zaidi ya miaka 40. Jambo ninalolistahi mno kwake ni kwamba fedha zake alizielekeza hasa kwa wachoraji wa zama zake, watu waliokuwa hai na wenye kuhitaji riziki, wakati ambapo matajiri wengi waliona fahari kumiliki kazi za mabingwa waliokwisha kufa karne nyingi.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo Caspar David Friedrich, ambaye mwaka 1822 alimchorea Wagener picha mbili za kwenda pamoja, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 71 tu. Katika moja, mchungaji ameegemea mti mkubwa wa kale ambao kilele chake kimekauka. Katika ya pili, wanawake wawili na mwanamume mmoja wameketi juu ya jabali, mwezi unachomoza, na majahazi yanarudi kutoka baharini. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa watu wale wanangoja nini. Friedrich alifariki mwaka 1840 akiwa amekwisha kuanza kusahauliwa, na sifa yake haikurudi kwa nguvu hadi yalipofanyika maonyesho makubwa ya Berlin ya mwaka 1906. Laiti picha zile mbili zingegawanywa na kuuzwa mojamoja katika miaka ile ya kusahauliwa, nani angezikumbuka kuwa ni jozi?

Hazikuuzwa kwa kuwa Wagener aliusia mapema. Picha zote 262 alimwachia Wilhelm, mtawala wa Prussia, akitaka zikae pamoja mjini Berlin na watu waruhusiwe kuziona. Kama zitaongezwa ili ziwe hazina ya taifa zima, hilo alimwachia mtawala aamue. Machi 1861, miezi miwili tu baada ya kifo chake, zilionyeshwa hadharani katika chuo cha sanaa, na mwaka 1876 zikahamia katika jumba maalumu la sanaa la taifa lililoko kwenye kisiwa cha makumbusho ndani ya mto Spree, lililobuniwa na Friedrich August Stüler.

Sasa tuje kwenu. Katika sheria yetu ya Kiislamu, wasia kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi, na baba akishafariki, vitu ni vya warithi wote kwa mafungu yao. Kwa hiyo hakuna mmoja wenu awezaye kuvitoa peke yake, wala kumpa dalali hata sahani moja. Mkikubaliana nyote, mnaweza kuviweka wakfu na kumteua mtu wa kuvisimamia, na Kadhi atawaongoza katika kuandika hati. Kabla ya hapo, pigeni picha kila kitu, mkaandike kilikuwa katika chumba gani na kidaka gani, na mzee alikipata kwa nani, maana ndugu wakubwa wanaoyajua hayo ndio wa kuulizwa kwanza. Kisha waombeni wataalamu wa Makumbusho ya Lamu waje wavitazame nyumbani, vikiwa bado mahali pake.