Kahawa ya Dele Huanzia Kikaangoni

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia akilalamika kwamba kahawa anayoipika kwenye dele, birika la kahawa, huwashinda wageni wake kwa ukali, ingawa huizidishia tangawizi na iliki, na ameniuliza ni kiungo gani anachokikosa. Hakuna kiungo kinachoweza kuokoa buni iliyoungua, na ninalisema hili kwa uhakika kwa sababu kazi hii ndiyo iliyonilea.

Nilifundishwa na mjomba wangu hapa Tanga, aliyeuza kahawa barazani maisha yake yote na ambaye hakuniruhusu kugusa dele mpaka mkono wangu ulipozoea kikaango. Moto uwe wa wastani, buni ikorogwe bila kupumzika, na inapoanza kupasuka kwa mlio mpikaji asiondoke. Ikishakuwa ya hudhurungi iliyokoza, kabla haijawa nyeusi na kutoa mafuta, imwagwe kwenye ungo na kupepetwa papo hapo, kwa maana ikiachwa kikaangoni huendelea kuiva hata baada ya kuepuliwa.

Meneja wa hoteli moja, ambayo sitaitaja, aliwahi kunirudishia kahawa niliyoikaanga hivyo mbele ya watu akisema kwamba wageni wake hawanywi kahawa ya vijiweni, na maneno yale yananiuma hadi leo. Mwezi uliopita, kwenye harusi huko Pangani, wazee walikaa wakisubiri dele jingine lichemke, na bwana harusi akaja mwenyewe kuniuliza nimeitoa wapi buni ile. Nilikuwa nimechanganya aina mbili za buni: arabika ya Kilimanjaro, kwa harufu na uchachu wake mwepesi, na robusta kidogo ya Kagera, kwa uzito wake kinywani.

Inasikitisha kwamba nchi inayolima zote mbili, na kuuza nje sehemu kubwa ya buni yake, ina vijana wengi wanaodhani kahawa ni unga wa kopo unaoyeyushwa kwa maji moto. Tuiheshimu buni yetu. Tuitwange siku ileile ya kuinywa, kwa sababu unga uliokaa wazi hupoteza harufu upesi. Tangawizi ichemke pamoja na kahawa, iliki iingie mwishoni isije harufu yake ikapotea na mvuke, kisha dele litulie mpaka mashapo yashuke. Sukari ibaki kwenye kashata.

Tujue pia wakati wa kunywa. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, hivyo anayekunywa baada ya Isha aipunguze, na kahawa isiandamane na chakula, kwa kuwa huuzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma.

Wewe ndugu yangu wa Morogoro, anza na buni inayofunika tu sehemu ya chini ya kikaango, na usitie kiungo chochote mpaka kahawa tupu inyweke.