Kuuza sakulenti zilizokuzidi nyumbani: majibu yangu kwa aliyeko Tabata

Mkuu umeuliza vitu vitatu kwa mpigo: baraza limejaa watoto wa sakulenti (mimea inayotunza maji kwenye majani au shina nene) je uanze kuuza, uuze bei gani, na ndugu yako wa Dodoma anayetaka kumi za ofisini utamtumiaje. Naomba nijibu kwa urefu mana hii kitu naifanya hapa hapa Dar miaka kadhaa sasa pembeni ya kazi yangu, na naipenda kwelikweli.

Uza. Ila amua mapema kwamba unauza ziada, yani kile mimea yako inachozaa yenyewe. Siku ukianza kuchukua mimea kwa watu wengine ili meza ijae, hiyo ni biashara nyingine kabisa, inataka mtaji, inataka mtu wa kushinda pale, na zaidi ya hapo unakuwa unauza mmea usiojua umelelewaje. Nguvu ya mtu wa nyumbani ni kwamba anaweza kumwambia mteja huu umezaliwa hapa, masika yamepita ukiwa hapa hapa, maji naupa hivi na jua unapata la asubuhi tu. Mteja akienda nao kwake ukikaa, anarudi na anakuja na shoga yake. Mimi sijawahi kulipia tangazo hata moja.

Hapo kwenye masika nataka nikae kidogo. Picha nyingi zinazozunguka Instagram ni za echeveria, zile zenye majani yaliyopangika duara, na kila mteja mpya anaanza kwa kuulizia hizo. Zile nyingi asili yake ni nyanda za juu za Mexico, mchana jua kali usiku ubaridi. Na sakulenti nyingi hufungua vitundu vya majani usiku ndo zinavuta hewa, mchana zinafunga ili maji yasipotee, sasa usiku wenye joto na unyevu wa Dar unazichosha. Utaona zinarefuka shingo, majani ya chini yanakuwa laini, halafu mvua za Machi mpaka Mei zikipiga zinaoza katikati kabla hujajua kuna tatizo. Arusha, Lushoto, Iringa, Nairobi huko zinakaa vizuri sana. Kwahiyo mtu wa Dar akinitaka echeveria namwambia ukweli na namwonyesha kingine, hata kama hela anayo mkononi, kwasababu ukimuuzia mmea utakaokufa ndani ya mwezi huyo anaondoka akiamini yeye hana mkono wa mimea na hanunui tena kwa mtu yeyote.

Zinazokaa na joto letu ni nyingi tu. Waridi la jangwani hilo ndo kwao, porini linaota sehemu kame za Tanzania na Kenya, na kwa mbegu linakubali vizuri, ukilianza na mbegu linajenga kile kitako kinene ambacho ndo watu wanakitaka. Alovera inazaa watoto pembeni bila hata kuiomba. Haworthia, ile ndogo yenye majani yaliyochongoka kama alovera mdogo, ukiiweka kivulini inatulia. Jedi, ile yenye majani mafupi manene kama kijimti, inaota kwa tawi au hata jani moja. Sneki planti, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, nayo ni ya kugawa tu, lakini hapa sikiliza vizuri: ile yenye kingo za njano ukiikata jani na kuliotesha, watoto wanatoka kijani tupu, ule unjano unapotea. Lazima ugawe shina na mizizi yake. Nimeona watu wanauza vipande vya majani wakimwahidi mteja kwamba njano itakuja baadae, haiji, usifanye hivo.

Halafu kuna zedizedi, ile yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wanainunua bei kubwa wakijua ni mmea wa Ulaya, kumbe ni wa huku, kwa asili unaota kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Afrika Kusini. Waholanzi ndo walianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1996 na toka hapo ukaenda dunia nzima. Mimi hiyo habari namwambia kila mteja na nimeona macho yanavyobadilika. Ila ujue inaota taratibu mno, jani lake dogo moja ukilichomeka linaanza kutengeneza kiazi chini ya udongo kwanza, inaweza pita nusu mwaka hujaona chipukizi, hivo bei yake isilingane na ya alovera hata siku moja.

Udongo usinunue kitu cha kifahari. Mchanga mkubwa wa mtoni, kokoto ndogo, mkaa uliopondwa, na samadi iliyooza vizuri kidogo tu. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi. Kipimo changu ni rahisi, mwaga maji juu, yakisimama pale badala ya kuzama papo hapo ongeza kokoto. Kipande ukishakikata kiache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndo ukichomeke, na chombo chochote kile kiwe na tundu chini. Vikombe vya chai na bakuli za kioo visivyo na tundu watu wanavipenda kwa picha, mimi siuzi humo kabisa.

Na usiuze kisicho na mizizi. Vuta kidogo, kikishikilia udongo kipo tayari, kikija mkononi kirudishe. Hiyo ndo tofauti ya kuuza mmea na kuuza kipande cha jani, na kama unauza kipande sema wazi ni kipande na bei iwe ya kipande.

Tuje kwenye bei. Watu wengi wanaoanza wanahesabu chungu na udongo tu wanasahau kwamba mche umekaa barazani kwako miezi ukila nafasi na muda. Mimi vilivyo kwenye kiriba au kopo naanzia 3,000, chungu kidogo cha mfinyanzi 8,000 kwenda 12,000 kutegemea mmea, zedizedi iliyojaa vizuri 25,000 na haikai. Chungu ndo kinachokula faida kwahiyo wengi nawauzia kwenye kopo wanaenda kutafuta chungu wanachokipenda wenyewe. Mteja akisema punguza, sipunguzi, nampa nyongeza, kitawi cha jedi au mtoto wa alovera, mana hivyo nnavyo vingi, yeye anafurahi na bei inabaki palepale kwa anayekuja nyuma yake. Na tafadhali andika bei kwenye picha. Ule mtindo wa bei njoo inbox unafukuza watu, mtu anaona kama atatajiwa bei kwa kuangaliwa profaili yake. Mimi naweka WhatsApp status Ijumaa jioni, picha ya mmea wenyewe atakaoupata sio mfano wake, ukubwa naonyesha kwa kuweka kiganja pembeni, bei, na namba ya malipo. Hela ikiingia kwenye simu ndo namtafuta bodaboda, nauli ya boda ni ya mteja na nasema mapema. Juu ya udongo unajaza gazeti lililokunjwa ili hata boda akiruka tuta kisimwagike.

Kabla hujauza chochote kagua chini ya majani na kwenye maungio. Kuna wale wadudu weupe wenye utando wa pamba, ukimuuzia mtu hao umemharibia na mimea yake mingine yote. Pamba ya masikio na spiriti unawafuta, unautenga mmea, unarudia wiki ijayo, hauuzwi mpaka uwe safi.

Wenye watoto waulize. Utomvu wa jamii ya euphorbia, mnyaa ukiwemo, ukiingia jichoni ni hospitali hiyo, na waridi la jangwani utomvu wake ndo ule uliokuwa ukipakwa kwenye mishale ya kuwindia. Kalanchoe zinazozaa vitoto kwenye kingo za majani ni sumu kwa mifugo, na zikidondoka zinaota popote, zisitupwe porini. Sisemi usiuze, mimi nauza, ila mteja ajue anakoweka.

Jambo lingine linaloniuma kidogo. Usichimbe porini. Akija mtu na gunia la mawaridi ya jangwani yamekatwa mizizi au mishubiri ya porini (jamii ya alovera) anakupa kwa bei ya kutupa, kataa. Tunayo mishubiri isiyopatikana kwa asili nchi nyingine, kuna moja inaitwa Aloe dorotheae ya upande wa Handeni inayogeuka nyekundu juani, nzuri ajabu, na porini iko hatarini kutoweka kabisa. Na mtu wa nje ya nchi akikuomba umtumie, jua mishubiri karibu yote iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, alovera peke yake ndo imetolewa, na euphorbia za sakulenti nazo zimo, inatakiwa kibali pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, yani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa biashara ya baraza mimi naishia ndani ya nchi, inatosha.

Sasa ndugu yako wa Dodoma. Kwanza muulize ofisi ina dirisha kubwa au ni taa na kiyoyozi siku nzima. Kama ni taa tu usimpe jedi wala alovera, zitarefuka na kulala, mpe zedizedi na sneki planti zote kumi. Acha kumwagilia wiki nzima kabla ya safari. Zitoe kwenye makopo, kung'uta udongo, ziache kivulini siku mbili, kila mmoja uviringishe gazeti kavu, usitumie nailoni zitatoka jasho na kuoza njiani. Panga kwenye boksi gumu zikiwa zimesimama, jaza magazeti pasibaki uwazi, toboa matundu pembeni, andika mimea hai na mshale wa juu. Peleka ofisi ya mizigo ya basi linaloondoka alfajiri ili afuate siku hiyo hiyo, piga picha risiti na mtumie. Akizipokea apande kwenye mchanganyiko mkavu na asimwagilie kwanza siku tano hivi, mwambie hilo kwa simu na umwandikie pia, mana kitu cha kwanza mtu akipokea mmea uliosafiri anakimbilia maji.