Mazoezi ya uso yafanywe mara ngapi, na taya zikiuma tufanyeje

Dada yangu uliyeuliza, umesema umeanza mazoezi ya uso asubuhi na jioni ili mashavu yasilegee, na sasa taya zinauma kiasi kwamba kutafuna nyama ni shida. Unataka kujua kama uendelee kila siku au upumzike. Waliotangulia kukujibu wamebishana sana kuhusu idadi ya siku. Mimi naomba tuanze na mahali panapouma, kwa sababu idadi ya siku inategemea ni msuli gani unaoulalamikia.

Naandika kutoka Tabora mjini, ambako nafundisha sekondari na kuimba kwaya. Mazoezi haya sikuyafuata kwa ajili ya urembo. Nilifundishwa hospitalini baada ya upande wa kushoto wa uso wangu kupooza, hali ambayo madaktari huiita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Scotland. Ulikuwa msimu wa upepo wa kiangazi, na mtaani kila aliyekuja kunijulia hali alisema nimepigwa na upepo, wengine wakataja mambo mazito kuliko upepo. Daktari alinianzishia prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, siku ile ile, maana dawa hiyo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na misuli ilipoanza kupata nguvu nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mama huyo alinikalisha mbele ya kioo, akaweka kidole chake kwenye pembe ya taya yangu, chini kidogo ya sikio, akasema: "Mwalimu, tabasamu bila kuuma meno. Kidole changu kisisikie kitu."

Alikuwa na sababu ya kuweka kidole pale. Usoni tuna makundi mawili ya misuli ambayo watu huyachanganya. Kundi la kwanza ni misuli myembamba ya kutabasamu, kukunja paji, kufumba macho na kubana midomo. Hii imeshikamana na ngozi, na huendeshwa na neva (mshipa wa fahamu) ya saba ya kichwa. Kundi la pili ni misuli minene ya kutafunia, iliyo kwenye pembe ya taya na kwenye kipaji cha pembeni juu ya sikio, nayo huendeshwa na neva ya tano. Mtu anayefanya mazoezi ya mashavu kwa bidii huku meno yameumana anafanyisha kazi makundi yote mawili kwa pamoja, na lile la kutafunia, kwa kuwa lina nguvu nyingi, ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Baadaye analalamika kwamba taya zinauma wakati wa kula, na hiyo ndiyo hali uliyoieleza.

Jipime mwenyewe leo. Weka vidole viwili kwenye kila pembe ya taya, uma meno kwa nguvu, utahisi msuli unainuka kama fundo. Sasa achanisha meno, funga midomo bila kuibana, kisha tabasamu taratibu. Fundo lile likiinuka tena, jua kwamba zoezi lako la mashavu limekuwa zoezi la taya, na hata ukipunguza siku kutoka saba hadi tatu maumivu yatarudi palepale. Lisipoinuka, na uchovu ukausikia juu ya shavu, pembeni mwa pua hadi chini ya jicho, hapo zoezi limefika linakotakiwa.

Kuhusu idadi ya siku, utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, ulioongozwa na Murad Alam na kuchapishwa mwaka 2018. Wanawake wa umri wa miaka 40 hadi 65 walifanya mazoezi dakika 30 kila siku kwa wiki 8, kisha siku moja baada ya nyingine hadi wiki ya 20. Madaktari waliotazama picha bila kuambiwa ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada waliona mashavu yamejaa zaidi, na umri waliowakadiria ulishuka kutoka wastani wa miaka 50.8 hadi 48.1. Lakini walioanza walikuwa 27 na waliomaliza ni 16 tu, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiuchukue kama neno la mwisho. Ninachokipata humo ni kwamba mabadiliko yalipimwa kwa miezi, si kwa siku, na kwamba hata wao baada ya wiki 8 walipunguza. Nusu saa kila siku ni mzigo kwa mtu mwenye kazi na watoto, na sioni ajabu kwamba wengi waliacha njiani.

Kwa mtu mwenye uso mzima ambaye ndiyo kwanza anaanza, ningeshauri dakika kumi siku moja baada ya nyingine, angalau kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Kila mkao ushikiliwe kwa sekunde tano hadi kumi, kisha uachiwe kwa muda uleule au zaidi, maana kuachia nako ni sehemu ya zoezi. Nguvu isizidi nusu ya ile uliyo nayo. Msuli wa uso ni mwembamba na huchoka mapema. Ukianza kutetemeka, au ukiona shingo inakaza na mabega yanapanda, seti hiyo imekwisha hata kama hujafika idadi uliyojiwekea. Baada ya hapo unaweza kuongeza hadi siku tano kwa wiki kama asubuhi ya pili unaamka bila maumivu. Asubuhi na jioni kwa mtu anayeanza, hilo siliungi mkono.

Sasa maumivu yenyewe. Maumivu ya kawaida baada ya zoezi jipya huanza saa kadhaa baadaye, hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Wengi husema ni asidi laktiki iliyobaki kwenye msuli, lakini asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kazi kuisha. Kinachouma ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli na uvimbe mdogo unaokuja wakati mwili unaikarabati. Kwa hiyo kinachohitajika ni muda na upole. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto yanayovumilika, kikamue, kiweke shavuni na kwenye pembe ya taya kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kanda kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo bila kuvuta ngozi. Maumivu yakizidi, mtu mzima asiye na tatizo la ini anaweza kumeza paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, arudie baada ya saa sita akihitaji, asizidishe vidonge vinane kwa saa 24.

Chakula nacho tukitazame, hasa sisi wa huku. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni matamu na mimi mwenyewe siyaachi, lakini kutafuna matobolwa makavu, miwa au mahindi ya kuchoma siku ambayo taya zinauma ni kuupa msuli uleule zamu ya pili ya kazi. Siku hizo kula ugali na mlenda, viazi vya kuchemsha, uji, samaki. Nyama ikatwe vipande vidogo. Pia angalia meno yako yakoje wakati hufanyi lolote. Mtu akiwa ametulia, midomo hugusana, meno huachana kidogo, na ulimi hulala juu nyuma ya meno ya mbele, kama unapotamka herufi n. Ninaposahihisha mitihani hujikuta nimeuma meno kwa muda mrefu bila kujua, na walimu wenzangu kadhaa wameniambia hivyo hivyo. Nasi waimbaji hukaza taya tunapotafuta sauti ya juu. Mwenye tabia hiyo anaweza kuamka na maumivu ya kichwa pembeni hata kabla hajafanya zoezi lolote.

Yako maumivu ambayo si ya kusubiri nyumbani. Kiungo kilicho mbele ya sikio kikiuma na kulia kila unapofungua mdomo, taya ikikwama, au ukashindwa kuingiza vidole vyako vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini, acha mazoezi na umwone daktari wa meno. Vivyo hivyo kama maumivu yamepita wiki moja, au yana uvimbe na homa.

Kwa wanaosoma hapa kwa sababu ya kupooza uso, naomba msifuate ratiba niliyoitaja juu. Kwetu sisi kanuni ni kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, mbele ya kioo, kwa mwendo mdogo na wa taratibu ambao upande mzima hauuzidi upande mgonjwa; tena maumivu hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu yanaonyesha nguvu imezidi. Neva inayopona ikilazimishwa, matawi yake yanaweza kuzoea kazi isiyo yake, ukatabasamu jicho likajifumba. Kutafuna chingamu siku nzima hakusaidii, kwa kuwa msuli wa kutafunia haukupooza. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache, na katika muda huo jicho lisilofumba linahitaji matone mchana na kufunikwa usiku, hasa katika vumbi letu la kiangazi. Na uso ukipooza ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki vizuri, au paji la uso bado linakunjika wakati mdomo umeenda upande, inaweza kuwa kiharusi, ambacho hakingoji kesho.

Kwako wewe dada: simamisha mazoezi hadi utakapotafuna bila maumivu, ukiendelea na kitambaa cha moto jioni. Ukirudi, anza na tabasamu la midomo iliyofungwa peke yake, vidole vikiwa kwenye pembe za taya, dakika tano tu. Mazoezi ya kubana midomo na yale ya kufungua mdomo kwa nguvu yaache kwanza. Baada ya wiki moja tuandikie ni wapi panapouma, kama pakiuma, nasi tutajua tuongeze nini.